Macho Hayana Pazia: Alex Rider Amefika Likuni

Kijana wa miaka 14 ananing'inia kwa mikono miwili juu ya mamba, mahali fulani nchini Kenya. Aliyemweka pale hana haraka. Anamuuliza maswali kwa upole, kisha anasubiri mikono ichoke. Chini, maji yanaanza kutikisika. Jamani! Hapo ndipo nilipofika usiku wa manane, hapa Likuni, Malawi, umeme umekatika na tochi ya simu inaomba chaji, na hakuna usingizi ambao ungeweza kuninyang'anya kitabu hiki.

Kinaitwa Crocodile Tears, cha Mwingereza Anthony Horowitz. Ni cha nane katika mfululizo wa Alex Rider, ulioanza mwaka 2000 kwa Stormbreaker na kuuza nakala zaidi ya milioni 20 duniani. Ndiyo, kilitoka mwaka 2009, na waliokisoma kwanza sasa ni watu wazima wenye watoto. Lakini kitabu huwa kipya siku kinapofika mkononi, na mimi kimenifikia sasa, kutoka kwa wauza vitabu vya mtumba wa Old Town, Lilongwe, jalada limekunjika na ndani kuna mhuri wa maktaba ya shule fulani ya ng'ambo. Nimekimaliza. Nimezirudia sura za mwisho. Na sasa nataka kila kijana anayesoma Kiswahili, kuanzia Likuni hadi kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, akipate.

Kwa asiyemjua, Alex Rider ni yatima anayeishi London na kulelewa na ami yake. Katika kitabu cha kwanza polisi wanabisha hodi: ami amekufa kwa ajali ya gari, hakuwa amefunga mkanda. Watu wazima wote wanaikubali taarifa hiyo. Alex anaikataa kimoyomoyo, kwa kuwa ami yake hakuwahi kuwasha gari bila kufunga mkanda. Basi hapo hadithi nzima inafunguka! Hajaiba siri ya serikali, hajapigana na mtu. Amekumbuka tu tabia ya mtu aliyempenda. Kumbe ami alikuwa jasusi wa MI6, idara ya ujasusi ya Uingereza, na kwa miaka yote ile alikuwa akimwandaa mtoto bila mtoto kujua: lugha za kigeni, karate, kupanda milima, kupiga mbizi. Idara inamtaka Alex achukue nafasi ya marehemu, na wala haimbembelezi. Inamtishia: yaya wake Mmarekani, Jack Starbright, mtu pekee aliyebaki wa kumtunza, hataongezewa viza.

Soma tena sentensi hiyo ukiwa na karatasi ya ukimbizi mfukoni. Viza! Horowitz angeweza kumtishia shujaa wake kwa bastola. Akachagua karatasi. Msomaji wa kwetu hahitaji kuelezwa uzito wake.

Sasa njoo kwenye kitabu chenyewe. Kama hutaki kuonjeshwa njama, ruka aya mbili zinazofuata. Mimi siwezi kunyamaza.

Adui anaitwa Desmond McCain: bondia wa zamani, mbunge wa zamani, mfungwa wa zamani, aliyetoka gerezani akitangaza kwamba ameokoka, akaanzisha shirika la misaada liitwalo First Aid. Popote yatokeapo maafa, First Aid hufika kwanza. Dunia inapiga makofi na kuchanga pesa. Wanawahije hivyo kila mara? Kwa sababu maafa wameyatengeneza wenyewe! Safari hii McCain ameelekeza macho Kenya, kwenye mashamba ya ngano iliyochezewa vinasaba, ambayo ikishapewa kichocheo itageuka sumu. Watu watakufa, picha zitarushwa, michango itamiminika, naye atatoweka na mamilioni. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nilisoma kurasa hizo nikiwa mahali ambapo neno Likuni limeandikwa hata kwenye pakiti ya chakula. Likuni Phala, unga wa uji wa mahindi na soya, umelea watoto wa Malawi kwa miongo mingi, na jina lake limetoka hapa. Ng'ambo ya mpaka, mwaka 2002, Zambia ilikuwa na njaa na bado ikakataa msaada wa mahindi yaliyobadilishwa vinasaba. Ubishi ule watu wa ukanda huu wanaukumbuka. Na pale Dzaleka mgawo wa chakula umepunguzwa mara kadhaa katika miaka ya karibuni. Kwa hiyo kwa msomaji wa huku, njama ya McCain inagusa sufuria yake mwenyewe. Hii ni hadithi ya kubuni na haimsingizii yeyote anayebeba gunia kwa nia njema. Inauliza tu swali ambalo mtoto aliyepanga foleni amewahi kujiuliza: njaa yangu inamnufaisha nani? Kitabu cha vijana kinachothubutu kuuliza hivyo, huku mapigo ya moyo yakikimbia, kinastahili kupigiwa makofi.

Na mwendo wake! Kuna gari linalotumbukia katika ziwa la Scotland usiku wa mwaka mpya. Kuna safari ya shule kwenda kituo cha utafiti wa mimea, ambako Alex anajitenga na darasa lake na kujikuta akikimbia ndani ya jumba la vioo lililojaa mimea yenye sumu na viumbe vinavyouma. Nilisoma sura ile nikiwa nimekunja miguu juu ya kiti. Zana zake zimefichwa katika vifaa vya mwanafunzi: kikokotoo, kalamu za wino zinazolipuka. Na zingatia hili: MI6 haimpi bunduki. Tangu kitabu cha kwanza amepewa vitu ambavyo mvulana yeyote angekuwa navyo, kuanzia yoyo hadi dawa ya chunusi inayokula chuma. Anabaki na akili, macho na alichofundishwa. Mwandishi amejibana kwa makusudi, na kujibana huko kumeleta ubunifu kila baada ya kurasa chache.

Kisha mamba. Wasomaji wetu wa Uvira na Bujumbura hawatahitaji kuchorewa picha. Wamekua wakisikia habari za Gustave, mamba mkubwa kupindukia wa mto Ruzizi na Ziwa Tanganyika, ambaye Mfaransa Patrice Faye alimfuatilia kwa miaka na kujaribu kumnasa kwa mtego wa chuma bila mafanikio. Hapa Malawi mto Shire una mamba wake, na familia zenye makovu zipo. Horowitz anajua kwamba mamba hatishi kwa kurukaruka. Anatisha kwa kungoja. Sura ile ya kuning'inia imeandikwa kwa subira hiyohiyo: dakika chache za hadithi zimenyooshwa hadi vidole vyako mwenyewe vinauma. Anaokokaje? Sisemi ng'o. Kisome.

Nimejiuliza kwa nini riwaya za majasusi vijana zinawashika wasomaji wa rika la sekondari kwa nguvu namna hii, kuliko hata za majasusi watu wazima. Mapigano yapo kwenye filamu zote, kwa hiyo jibu liko kwingine. Kijana ndiye mtu asiyeangaliwa. Anaingia chumbani wakubwa wakizungumza, nao wanaendelea kuzungumza. Anatumwa chumvi, anapita katikati ya siri tatu za mtaa na kurudi na chumvi. Macho hayana pazia, na macho ya mtoto ndiyo yasiyochungwa kabisa. Riwaya hizi zinamwambia: ulichokiona ni kweli, na kina thamani. MI6 inamhitaji Alex kwa sababu ileile inayomfanya adharauliwe mezani kwa wakubwa.

Sasa sogea hadi Dzaleka, wilaya ya Dowa, takriban kilomita 45 kutoka Lilongwe. Chini ya utawala wa Kamuzu Banda palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Mwaka 1994 pakafunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi. Ilipangwa kwa watu kama 10,000 na leo wamezidi 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kijana wa pale anaamka kwa Kibembe au Kirundi, anacheza mpira kwa Kiswahili, anaimba kwaya kwa Kifaransa, anajibu mtihani kwa Kiingereza, ananunua nyanya kwa Kichewa. Alex Rider alifundishwa Kifaransa, Kijerumani na Kihispania, na MI6 ikamwona johari. Binti wa miaka 15 wa Dzaleka anabeba lugha tano kichwani na hajapigiwa simu na mtu! Ndiyo maana kitabu hiki kinawasha moto pale: kipaji ambacho maisha yamemlazimisha kukipata, kwenye kurasa hizi kinaitwa kipaji.

Nimeona kinavyosomwa. Nakala moja, benchi moja, vijana saba. Mmoja anasoma mstari kwa Kiingereza, anasita, anaumwaga kwa Kiswahili cha Bukavu, mwingine anamrekebisha, wa pembeni anamnong'onezea mdogo wake kwa Kirundi. Walipofika mahali ambapo mwandishi wa habari anayemwinda Alex anatiwa adabu na MI6, kadi yake ya benki haikubali, simu imekufa, nyumba si yake, jina lake halitambuliki popote, benchi lilinyamaza. Kisha msichana mmoja wa kidato cha pili akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Huyo sasa ni kama sisi siku ya kwanza." Wakaendelea kusoma. Nimesoma tahariri nyingi kuhusu uhamisho wa watu. Chache zimesema mengi hivyo kwa maneno manane.

Kuna jambo zito hapa, na sifa kubwa ya Horowitz ni kwamba halifichi. Kumtumia mtoto katika kazi za siri ni kosa. Alex hakuomba kazi hii, alilazimishwa. Kila kitabu kinapoisha ana makovu mapya, na mabosi wake wanaongea juu yake kana kwamba ni chombo cha ofisi. Msomaji wa Ituri au Kivu anajua hali hiyo inaitwaje mahakamani. Machi 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Thomas Lubanga kwa kuandikisha na kuwatumia vitani watoto walio chini ya miaka 15 huko Ituri, akahukumiwa miaka 14 jela. Malawi nayo ina kumbukumbu yake: vijana wa Malawi Young Pioneers walikuwa macho na masikio ya utawala wa Banda, jirani akimwogopa jirani, hadi jeshi lilipowanyang'anya silaha Desemba 1993 katika Operesheni Bwezani. Nchi iliyopitia hayo haiwezi kuona ujasusi wa vijana kuwa mchezo mtupu. Nami nasema riwaya hizi zinafaa kusomwa huku kwa sababu hiyohiyo. Zinampa kijana msisimko, na ndani ya msisimko huo zinamfundisha kumtilia shaka mkubwa anayemwambia, "Ni wewe tu unayeweza kutusaidia."

Tusijifanye kwamba tumegundua ujasusi leo, kwani Kiswahili kina hazina yake. Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, akimfukuzisha hadi Nairobi nyaraka zilizoibwa za harakati za ukombozi. Katika Kikosi cha Kisasi alimpeleka Kinshasa, na Mkongo yeyote anayekisoma anatabasamu akiziona barabara za kwao katika Kiswahili cha Dar es Salaam. Adui alikuwa kaburu na vibaraka wake, na hadithi ilibeba uchungu wa kweli, maana Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam. Ben Mtobwa, mzaliwa wa Kigoma, akatupa Joram Kiango na Nuru katika Tutarudi na Roho Zetu? Kwa Kiingereza, Mkenya David Maillu alimbuni Benni Kamba, jasusi 009, katika The Equatorial Assignment ya mwaka 1980. Baba zetu walisoma vitabu hivi hadi kurasa zikalegea, wakaviazimisha, wakavidai kwa ugomvi. Ladha ya ujasusi tunayo kwenye damu.

Lakini Willy Gamba ni mwanamume mzima mwenye bastola, vinywaji na warembo wa mahotelini. Kijana alimsoma kwa kujificha chini ya dawati na alimtazama kutoka chini kwenda juu. Alex anasomwa mchana kweupe, darasani, kaka na dada pamoja, na anatazamwa usoni, rika kwa rika. Ndiyo tofauti inayonifanya nishangilie kitabu hiki kwa nguvu zote.

Kasoro? Ipo, nami naitaja kwa uchungu wa mpenzi. Kenya ya Horowitz ni ya kupendeza macho: bonde, mto, bwawa, kambi ya kifahari, machweo. Watu wake hawakupewa nafasi hiyo. Wakenya tunaowaona ni walinzi na watumishi wa adui. Wenye ngano yao, ambao ndio wangekufa, hawana sauti. Hakuna kijana wa kijijini anayemwonyesha Alex njia ya mkato, hakuna mama anayegundua kwamba shamba linanuka vibaya. Anayekuja kumsaidia ni jasusi kutoka India, mhusika mzuri sana, lakini bado ni mgeni. Wasomaji wa benchi lile waliligundua hilo kabla yangu. "Watu wa mtoni wako wapi?" aliuliza mmoja. Kila mtoto aliyekulia kando ya maji anajua kwamba mto wa mamba haukosi mtu anayejua mahali pa kuvukia.

Swali hilo ni zuri kiasi kwamba natamani ligeuke kitabu. Fikiria shujaa wa miaka 14, msichana, lugha tano, anayeuza mandazi sokoni Dzaleka na kusikia mazungumzo ambayo wenye mazungumzo wanadhani haelewi. Fikiria orodha ya majina iliyopotea, lori linalobadilisha namba likielekea barabara kuu, mwalimu asiye mwalimu. Fikiria safari ya kwenda Lilongwe bila kibali, katika nchi ambayo mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa mijini warudi kambini. Kila hatua ni hatari, na hakuna haja ya kubuni mamba! Dzaleka ina waandishi. Tangu mwaka 2014 Tamasha la Tumaini limewapandisha jukwaani washairi na waigizaji wake mbele ya Malawi nzima. Wana redio yao, Yetu Radio, ambayo ingeweza kusoma sura moja kila wiki hadi kambi nzima isimame saa hiyo.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Crocodile Tears ni kitabu cha mbio, chenye akili na chenye dhamiri, na ndicho ningempa kijana yeyote wa miaka 11 na kuendelea anayedai kwamba kusoma kunachosha. Si lazima uanze na cha kwanza. Hiki kinasimama chenyewe, ingawa ukikimaliza utazitafuta Stormbreaker na Scorpia kwa miguu yako mwenyewe. Kiingereza chake ni chepesi, sura ni fupi, na mwalimu anaweza kusoma moja ndani ya kipindi na bado akabaki na muda wa mabishano. Wazazi, msiogope: hakuna matusi ya kuona haya, na hatari zote zinamfundisha mtoto kufikiri kabla ya kuruka. Wenye maduka ya vitabu Lilongwe, leteni nakala zaidi ya moja. Wachapishaji wa Dar es Salaam na Nairobi, tafuteni haki ya kukitafsiri, maana wasomaji wanaongoja ni wengi kuliko mnavyodhani, na wengine wako kusini ya mpaka wenu.

Nawe kijana wa Dzaleka uliyeuliza watu wa mtoni wako wapi, chukua daftari. Waandike wewe.